Usukani wa baiskeli ya mbio na vidole kufikia breki: uzi wa waendesha baiskeli wa Nyanda za Juu

#1 Mleta uzi (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, ila naomba kila anayeteremka milima ya huku kwetu kwa baiskeli ya mbio ausome wote. Vijana wengi mjini wameanza kununua hizi baiskeli za mtumba zinazotoka Ulaya na Japani. Wanauliza uzito, wanauliza gia, wanauliza rangi. Sijasikia anayeuliza kama vidole vyake vitafika kwenye breki.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke wa sentimita 158, viganja vyangu vidogo. Baiskeli yangu ni ya chuma, gia 16, inakwenda vizuri sana. Jumamosi asubuhi huwa natoka Uyole, napandisha Igawilo mpaka Isyonje, na nikiwa na nguvu nateremkia Kiwira hadi Tukuyu. Wenyeji mnaijua njia hiyo. Kupanda unatoka jasho tu. Kushuka ndiko kwenye kazi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilifika Isyonje ukungu umelala barabarani na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nikaanza kushuka. Nilikuwa nimeshika juu, kwenye ile mipira inayofunika vichwa vya breki, kwa sababu ndipo nilipozoea. Kwenye kona nikakutana na lori la ndizi linapanda, na Kosta imetoka nyuma yake inalipita. Nikabana breki kwa nguvu zangu zote. Mwendo ulipungua, lakini haukupungua vya kutosha. Nikashusha mikono kwenye pembe za chini, pale usukani unapokunja kushuka, ili nibane vizuri zaidi, nikakuta ncha za vidole zinaugusa tu mkono wa breki, haziwezi kuukunja. Nikaelekeza baiskeli kwenye majani. Goti na kiwiko vilichubuka, rimu ya mbele ikapinda. Akina mama waliokuwa wanapanga viazi kando ya barabara waliniinua na kunipa maji ya moto nioshe vidole. Ndaga fijo kwao, popote walipo.

Kwanza nilidhani breki ni mbovu. Nikabadilisha raba zinazobana rimu, nikabadilisha waya na ganda lake. Hali ikawa ile ile. Mpaka siku fundi mmoja wa Mwanjelwa aliponiambia, "Mwalimu, hebu shika chini nikuone." Akachukua rula, akapima kutoka kwenye bomba la usukani pale kiganja kinapokaa mpaka kwenye mkono wa breki. Milimita 92. Akaniambia ninyooshe kidole cha shahada, akapima tena, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Breki zako ni nzima. Usukani huu haukutengenezwa kwa mkono wako."

Kwa nini pembe za chini zina umuhimu huo? Mkono wa breki ya baiskeli ya mbio umeshikwa na pini upande wa juu. Ukishika juu ya mipira, vidole vinauvuta karibu na pini. Ukishika chini, vidole vinauvuta karibu na ncha. Aliyewahi kuchota maji kwenye pampu ya kijiji anajua: shika mpini karibu na pampu utachoka, shika mwisho wake hata mtoto anaweza. Ndiyo maana mteremko mrefu unashukwa mikono ikiwa chini. Na kama chini hapafikiki, ile nguvu kubwa ya breki unayo kwenye baiskeli lakini wewe huwezi kuitumia.

Sasa kuhusu umbo la usukani, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi. Sukani hizi zinafanana ukiziangalia kwa mbali, lakini zina vipimo viwili vinavyozitofautisha. Kuna urefu wa mbele, yaani pembe inakwenda mbele kiasi gani kutoka kwenye bomba la juu kabla ya kukunja. Na kuna kina, yaani inashuka kiasi gani. Zile za zamani za duara zina kina cha milimita 140 hadi 150 hivi, na huko mbele zinafika hata 90 au zaidi. Baadaye, hasa miaka ya 1990, zikaenea zenye kipande kilichonyooka katikati ya mkunjo, pale pa kushika. Kiganja kinapapenda, panatulia. Lakini kile kipande kilichonyooka kinakishikilia kiganja mbali na breki, na mwenye vidole vifupi anabaki anapapasa. Usukani wangu ulikuwa wa aina hiyo. Kisha zikaja fupi: mbele milimita 70 hadi 80, kina 120 hadi 130, na mkunjo wake ni wa taratibu, hauna kona. Kwa mfano FSA Omega Compact ni 80 kwa 125, Ritchey Curve ni 73 kwa 128. Kwenye mkunjo wa taratibu kiganja kinasogea chenyewe kuelekea breki, na kutoka juu kwenda chini mgongo hauinami sana, kwa hiyo mtu hapaogopi huko chini.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Usukani wenye kina kirefu unaonekana wa kishindani, lakini kama hushuki nao chini kwa sababu mgongo unauma, hizo pembe hazikusaidii kitu.

Naomba michango. Nimeshaamua kubadilisha, ila bado sijanunua.

#2 Mchangiaji (Iringa mjini)

Kamwene mwalimu, na pole kwa ajali. Nashukuru umeandika kwa kina. Mimi nina viganja vikubwa, lakini na mimi nilikuwa najisikia kuwa mbali na breki. Nilichofanya, nilitoa shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani katikati, ya milimita 110 nikaweka ya 90. Mambo yakawa mazuri. Kwa nini usianze na shingo? Ni rahisi kuliko usukani mzima, tepu iliyozungushiwa usukani haiguswi, waya haziguswi.

#3 Mleta uzi

Kamwene kaka. Nilishauriwa hivyo hivyo na mtu mwingine, na nusura nitoe hela. Hapa kuna vitu viwili tunavichanganya.

Shingo fupi inauleta usukani wote karibu na wewe, pamoja na breki zake. Kama mabega yalikuwa yanavutwa mbele na shingo yako mwenyewe inauma, utapata nafuu, kama ulivyoipata wewe. Lakini nafasi kati ya kiganja kikiwa chini na mkono wa breki haibadiliki hata milimita moja, kwa sababu vyote viwili vimefungwa kwenye bomba lile lile. Yangu ingebaki 92. Wewe viganja vinafika, kwa hiyo tatizo lako lilikuwa urefu wa baiskeli. Langu ni vidole.

Kipimo rahisi ni hiki. Mtu akushikie baiskeli, shika chini kama unavyoshika ukiwa barabarani, usisogeze kiganja. Kidole cha shahada kiukunjie mkono wa breki kuanzia kiungo cha kwanza kutoka kwenye kucha. Kama kinachogusa ni nyama ya ncha tu, bado. Halafu urudie kipimo asubuhi ya baridi, msipime mchana wa jua. Vidole vya saa kumi na mbili asubuhi Isyonje si vidole vya saa saba mchana.

#4 Fundi (Mwanjelwa)

Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa huu uzi, nikajua ni wewe.

Naomba niongeze, maana wateja wanakuja kwangu wakitaka usukani mpya wakati baiskeli ingerekebishika bila kununua kitu. Kuna mambo nayafanya kabla ya kumwambia mtu atoe hela.

La kwanza naangalia mikono ya breki imefungwa wapi kwenye mkunjo. Nyingi za mtumba zimefungwa juu sana, kwa sababu aliyeifunga alitaka pale juu kwenye mipira pawe bapa. Ukiziteremsha hata sentimita moja kwenye mkunjo, ncha za breki zinakaribia kiganja cha chini. Gharama yake ni kwamba pale juu panaelekea mbele kidogo na panainama. Anayeshuka Iwambi kwenda Mbalizi kila siku, akubali hiyo gharama. Anayezunguka Forest na Uhindini tu, abaki alivyo. Angalizo: kuzungusha usukani mzima kwenye shingo hakubadilishi nafasi ya breki na kiganja, kunabadilisha kifundo cha mkono kinavyokunjika. Kunasaidia, lakini ni jambo jingine.

La pili ni skrubu ya kusogezea mkono wa breki. Breki nyingi za siku hizi zinazounganishwa na gia zinayo. Shimano 105 za 5800 na Tiagra 4700 zinayo, SRAM Rival pia. Ni skrubu ndogo imejificha karibu na kichwa cha breki, mara nyingine chini ya mpira. Zungusha robo robo, ujaribu, uzungushe tena. Matoleo ya zamani ya Shimano hayana skrubu, ila baadhi yanapokea kipande cha plastiki kama kabari kinachousukuma mkono wa breki kuja ndani.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ukiuleta mkono wa breki karibu, safari yake kuelekea usukani inakuwa fupi. Lazima ukaze waya upya ili raba zishike mapema. Bana kwa nguvu zako zote: kati ya mkono wa breki na usukani ibaki nafasi ya kidole. Ukigusa usukani, hiyo baiskeli isitoke kwenye karakana. Nimeletewa baiskeli iliyosogezwa breki vizuri kabisa, vidole vinafika, lakini mkono unalala kwenye bomba na rimu bado inazunguka. Hiyo ni hatari kuliko ile ya mwanzo, kwa sababu mwenye nayo anaamini ana breki.

Kama vyote hivyo vimeshindikana ndipo tunazungumza usukani. Na ukienda kununua, peleka kipimo cha shingo yako. Pale usukani unapobanwa katikati kuna unene tofauti: 25.4, 26.0 na 31.8. Hiyo 25.4 na 26.0 macho hayawezi kuzitofautisha, beba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Usikubali mtu akuwekee kipande cha bati la kopo kujazia. Usukani ukizunguka ghafla ukiwa umeubebea uzito mteremkoni, hakuna breki itakayokusaidia.

Na wa mtumba ufute mafuta na vumbi, uukague pale katikati na pale breki zinapofungwa. Ukiona mstari kama wa unywele, acha. Wa kaboni uliotumika mimi sifungi kabisa, kwa sababu ufa wake unaweza kuwa ndani na usiuone.

#5 Mchangiaji (Makambako)

Fundi, naomba kuuliza. Nina baiskeli ya milimani, usukani ulionyooka, breki zake ni zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu kutoka pembeni. Nataka kuweka usukani wa mbio. Breki za mikononi nilizonazo zitaingia?

#6 Fundi (Mwanjelwa)

Hazitaingia, ndugu. Bomba la usukani ulionyooka pale breki inapofungwa lina milimita 22.2. La usukani wa mbio lina 23.8. Kifungio chako ni kidogo. Kuna watu wanakipanua kwa bisibisi, kinapasuka.

Na hata ukinunua breki za usukani wa mbio, za kawaida zinavuta waya mfupi, wakati hizo breki zako za rimu zinataka waya uvutwe mrefu. Matokeo yake raba itabidi zikae karibu sana na rimu, na rimu ikiyumba kidogo inakwaruza. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, Tektro RL520 ni mojawapo. Usipoipata, bakia na usukani wako ulionyooka. Unafaa.

Kwa mwalimu na wengine wenye viganja vidogo ambao breki zao hazijaunganishwa na gia: Tektro RL341 ni fupi, imetengenezwa kwa vidole vifupi. Waliounganisha na gia, Shimano waliwahi kutoa ST-R700 kwa ajili hiyo hiyo. Mkiziona kwenye mtumba msiziache.

#7 Mchangiaji (Mbalizi)

Yangu ina breki mbili mbili. Kuna mkono wa kawaida, halafu kuna mwingine umetokea ubavuni mwake unapita chini ya bomba la juu, kwa hiyo nabana nikiwa nimeshika katikati. Sihitaji kufika chini. Hii si suluhisho?

#8 Mleta uzi

Kaka yangu, wewe unashuka Iwambi. Naomba nikujibu kwa uwazi.

Hiyo ya kutokea ubavuni ni ya baiskeli za miaka ya 1970. Imening'inizwa kwenye mkono mkubwa, inapinda, na inakula safari ya breki kabla raba hazijabana sawasawa. Mwendo mdogo itakusimamisha. Mteremko mkali na mvua, hapana. Zipo za kisasa zinazofungwa peke yake juu ya bomba na kulisukuma ganda la waya, hizo zinafanya kazi vizuri. Lakini hata hizo, ukiwa umeshika katikati mikono iko karibu karibu, na shimo moja tu linatosha kuupokonya usukani. Ifungue hiyo ya zamani, halafu upime pembe za chini kama nilivyoeleza kwenye #3.

Na kwa kuwa umetaja Iwambi: rimu ikiwa imelowa, mizunguko ya kwanza ni ya kufuta maji tu, breki inakuja baadaye. Rimu ya chuma inayong'aa ni mbaya zaidi kuliko ya alumini. Anza kubana mapema, achia, bana tena. Usiing'ang'anie breki moja mteremko mzima, rimu inapata moto.

#9 Mchangiaji (Iringa mjini)

Nimesoma mara mbili. Kuna kitu kimoja hakijatajwa. Baiskeli za Japani na Uingereza mkono wa kulia ni breki ya mbele. Za Ufaransa, Ujerumani na Marekani, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Mtu akibadilisha usukani waya zinafunguliwa zote, fundi anarudisha anavyojua yeye. Nilibadilishiwa bila kuambiwa, nikashuka Ipogolo nikabana wa mbele nikidhani ni wa nyuma. Tairi la nyuma liliinuka. Mungu alinisaidia. Kwa hiyo ukitoka kwa fundi inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja, ujue.

#10 Fundi (Mwanjelwa)

Asante sana kaka. Kuanzia leo nitakuwa namuuliza mteja kabla sijafunga.

#11 Mleta uzi: MREJESHO

Wakuu, wiki tatu zimepita. Marahaba fundi, na samahani sikukuitikia siku ile.

Tulianza na yale ya bila gharama. Breki zangu ni za zamani, hazina skrubu. Fundi aliziteremsha sentimita moja, 92 ikawa 84. Bado kidole kilikuwa kinapapasa. Nikaagiza usukani mfupi kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ukaja na basi: katikati 26.0 kama shingo yangu, mbele 75, kina 125. Upana nilichukua sentimita 38, maana wangu ulikuwa 42 na mabega yangu ni membamba. Sitaeleza sana habari ya upana, pima kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega, inatosha.

Tepu niliomba nyembamba. Nene inaongeza unene wa kushika, na kwa kiganja kidogo kila milimita inayoongezwa kwenye bomba inaondolewa kwenye kidole. Glavu pia ni hivyo hivyo. Nilikuwa navaa za sufu nzito, nimehamia nyembamba zinazokinga upepo.

Baada ya kufunga, fundi alipima: 70. Kidole cha shahada na cha kati vinakunja kwenye kiungo bila kiganja kusogea.

Sikwenda Isyonje moja kwa moja. Siku ya kwanza nilizunguka uwanja wa mpira wa shule, nashika chini, nabana, naachia, mpaka mikono ikazoea mahali papya. Siku ya pili mteremko mfupi wa mtaani. Jumamosi ndiyo nikapanda. Ukungu ulikuwepo, baridi ilikuwepo. Pale pale kwenye kona ile nilishuka mikono ikiwa chini, vidole viwili kwenye breki, na nilisimama kabisa kando ya meza za viazi kwa hiari yangu. Mama mmoja alinitambua. Nilinunua sado moja, nikaifunga nyuma, nikarudi nyumbani badala ya kuendelea Tukuyu.

#12 Mchangiaji (Iringa mjini)

Hongera sana mwalimu. Nimekwenda kupima baiskeli ya mke wangu, anayoshukia Ipogolo kila asubuhi kwenda kazini. 88. Miaka miwili ananiambia breki ngumu, mimi namwambia abane kwa nguvu. Nimemwomba radhi. Nianzie wapi?

#13 Mleta uzi

Anza na skrubu, kaka. Inua mpira wa breki taratibu uangalie kichwa chake. Usipoiona, piga picha uilete hapa, fundi ataitazama. Na mpaka hapo, mwambie shemeji yangu ateremke akiikokota.